Mafuta ya Mwarobaini ya Apolonia

Bujiku alirudi kutoka machimbo ya Katoro na begi moja na kifua kibovu. Miaka kumi na minne ya kusaga mawe kwenye karasha ilikuwa imemwingia mapafuni, na sasa hata mkewe Apolonia akifagia uani, yeye Bujiku alikohoa mpaka akashika ukuta.

Kwao Songwa gunia la choroko lilikaa chumba kilekile walicholala. Mwaka wa kwanza Apolonia alichanganya dawa ya unga ya dukani, kama alivyozoea. Bujiku akakohoa siku tatu mfululizo. Mwaka wa pili hakuweka kitu, na fukusi wakazitoboa zote, hata za mbegu hazikubaki.

“Jaribu mwarobaini, Mama Nelly,” jirani yao Agnetha alimwambia Apolonia. “Ila usiweke unga wake. Kamua mafuta.”

Basi Apolonia, ambaye alikuwa amelima peke yake, akavuna peke yake na kupura peke yake, akaongeza na kazi hiyo. Aliokota mbegu chini ya miti ya shuleni, akazimenya, akazianika kivulini, akazitwanga mbali na nyumba. Kisha akaukanda ule unga kwa maji ya moto kidogo kidogo, asubuhi nzima, mpaka viganja vikawaka. Mafuta yaliyotoka hayakujaza kikombe cha chai. Alipomaliza kuyachanganya na choroko za madebe mawili, mabega yalikuwa hayanyanyuki tena, na sehemu kubwa ya gunia ilikuwa bado.

“Hizo nyingine ziache,” Bujiku alisema kutoka mlangoni.

“Nikiziacha tutakula nini?”

Bujiku alikuja polepole, akakaa mkekani, akaanza kumenya mbegu. Alimenya kiganja kimoja, akapumzika, akamenya kingine. Iliwachukua siku nne kumaliza.

Miezi minne baadaye Apolonia alifungua gunia. Choroko zilikuwa nzima. Chache tu za chini zilikuwa na matundu. Agnetha alikuja kuona, akafurahi kuliko mwenyewe. Apolonia akampimia bakuli moja, kisha akabandika sufuria.

“Zina uchungu,” Bujiku alisema alipoonja.

“Sikuziosha vya kutosha. Nimechoka.”

Bujiku akala zote, akasogeza sahani aongezewe. Apolonia akampakulia, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu na kufumba macho kidogo kabla ya kugusa chakula chake.