Baiskeli Mbili na Maji ya Bamvua

Siku mume wangu aliporuhusiwa kurudi kazini, daktari alimwambia mbele yangu asijichoshe. Neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Moyo ulikuwa umemwangusha kiwandani kwao, Changamwe, akiwa amesimama tu kwenye mashine yake, na tangu hapo kila akishika kitu mimi humtazama uso kwanza. Akivuta maji kisimani nampokonya kamba. Akiinama kufunga viatu nishafika. Majirani zetu hapa Likoni wakinicheka, ati nimemzaa upya. Nikawaambia wacheke, mume si wao.

Kazini walimpa zamu ya mchana, ya kuingia saa sita, kwa hivyo nyumbani alikuwa atoke saa nne asubuhi. Tatizo lilikuwa njia. Kutoka kwetu mpaka Changamwe ni feri, kisha matatu, na juma la kwanza tu alishikwa na kizunguzungu ndani ya matatu, akateremshwa Kibarani, akakaa kando ya barabara jua likimpiga. Watu walipita wakidhani amelewa, yeye ambaye hajui hata harufu ya tembo la mnazi. Aliporudi jioni akaniambia hapandi tena. Alisema kama ni kufa atakufa akiwa na nafasi ya kunyoosha miguu.

Akataka baiskeli. Maisha yake yote alikuwa mtu wa baiskeli kabla ya ugonjwa. Nikasema haiwezekani. Tukagombana, tukanuniana, tukala chakula bila kusemezana, mwisho tukakutana katikati: baiskeli ya umeme. Aliitaja barabara mpya ya Dongo Kundu, ati aizunguke feri kabisa. Nikamuuliza kule na upepo ule, akianguka, nani atamwokota. Basi ikabaki njia ya feri.

Fundi mmoja wa Mtongwe alikuwa akiziuza, kijana mwenye adabu zake, na kwa kuwa anatujua alikubali tuzijaribu kabla ya kuamua. Alikuwa na aina mbili. Ya kwanza nzito, ina betri kubwa na mota yenye nguvu. Unazungusha mkono wa usukani inaondoka, iwe tambarare iwe kilima, miguu yako umeipumzisha. Ya pili nyepesi, betri yake imefichwa ndani ya chuma, na inakusaidia ukipiga pedeli tu. Ukiacha nayo inaacha. Hiyo niliinyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Nikaiwekea mkono ile nzito.

Mume wangu alikuwa ameinamia ile nyingine. "Hii inataka miguu," akasema. "Ndiyo nzuri."

"Miguu na moyo ni kitu kimoja, bwana."

"Daktari alisema miguu niitembeze."

"Alisema usijichoshe."

"Alisema yote mawili. Wewe ulisikia moja."

Fundi akajifanya anatafuta spana. Nikamwambia atupe ile nzito tukaijaribu, na mume wangu hakubishana tena. Kunyamaza kwake huwa sikupendi, lakini siku hiyo nilikuhesabu ushindi.

Tukaijaribu Jumapili, baada ya swala ya alasiri. Na hapa ndipo ninapojiuma kidole mpaka leo. Sisi ni watu wa Likoni. Mtoto wa huku hujua maji kabla hajajua kusoma. Ilikuwa siku za bamvua, za mwezi mpevu, maji yakijaa na kukauka kupita kiasi, na siku za bamvua maji hujaa alasiri, hukauka asubuhi mnamo saa nne. Kila mtu wa hapa anajua hivyo. Nami najua. Ila akili yangu yote ilikuwa kwenye kilima cha Changamwe, kule ambako nilimwona mume wangu akidondoka kila nikifumba macho. Feri sikuifikiria kabisa. Feri tunavuka kama tunavyovuka kizingiti cha mlango.

Basi Jumapili ile maji yalikuwa yamejaa tele, mteremko wa saruji umefunikwa karibu wote, feri imekaa sawa na nchi kavu. Aliisukuma ile baiskeli ndani kama anasukuma kigari cha mtoto. Ng'ambo nikapanda nyuma, nikamshika kiuno, nikaikunja buibui yangu vizuri isiingie kwenye gurudumu, tukaenda. Tulipita mjini, tukapita Makupa, tukafika Kibarani, na kile kilima kikaanza. Malori ya bandarini yalikuwa yanakoroma kando yetu, na sisi tunapanda tu, yeye ameketi kama anayepelekwa harusini. Nilicheka. Tangu augue sikuwa nimecheka hivyo. Nikambana mgongo, nikahisi joto lake, nikasema alhamdulillahi, huyu sasa amepona.

"Umeona?" nikamwambia tulipofika juu.

"Nimeona," akajibu. "Imetupandisha."

Jumatatu saa nne nikamsindikiza. Alikuwa hataki. Nikamwambia naenda mjini kununua vitambaa, naye akajua ni uongo, akaacha.

Tulipofika kivukoni nikaona mbele yangu shimo. Maji yalikuwa yamekwenda mbali. Saruji yote ilikuwa wazi, na chini kabisa, pale ambapo jana samaki waliogelea, pana utelezi wa kijani unaong'aa juani. Feri ilikuwa chini huko, imefungua mdomo. Na umati ushaachiliwa, watu wanashuka mbio kama kawaida yetu, kana kwamba feri ikiondoka haina mwenzake.

Nilisimama. Nilitaka kusema turudi. Lakini nyuma yetu mwenye mkokoteni wa viazi alikuwa akipiga kelele "njia, njia," na pale ukisimama unaangushwa. Tukashuka.

Baiskeli ikaanza kumvuta. Breki zililia, magurudumu yakateleza, naye anajiegemeza nyuma, viatu vinakwaruza saruji. Nikaishika keria kwa mikono yote miwili, nikajikalisha karibu chini. Wallahi sijui tulifikaje ndani ya feri bila kumgonga mtu. Alikuwa ameloa jasho shati zima.

"Kifua vipi?" nikamuuliza.

"Usiniulize mbele za watu."

Sikumuuliza tena. Nilimtazama tu mshipa wa shingo, ulivyokuwa unapiga, mpaka tukafika ng'ambo. Nilikuwa naogopa kushuka, sasa nikaona kuwa kushuka kulikuwa cha mtoto. Kupanda ndiko kulikobaki, kilima chote kile cha saruji, na huwezi kupanda juu ya baiskeli katikati ya umati. Lazima usukume.

Alisukuma hatua chache, gurudumu likagoma. Akazungusha mkono wa usukani kidogo tu, mota imsaidie. Ile baiskeli ikaruka kama mbuzi, ikamgonga miguuni mama aliyekuwa mbele na beseni la samaki. Mama akageuka. Hakupiga kelele, alisema tu, "Babu, kwani huoni watu?"

Babu. Hata miaka sitini hajafika. Niliona neno lile lilivyomwingia. Akazima mota, akaweka kifua kwenye usukani, akasukuma kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, uzito wote ule, betri, mota na vyuma. Nikamwambia, "Taratibu, taratibu." Akaendelea. Kisha akasimama, na mkono wake wa kulia ukapanda kifuani.

"Iachilie," nikamwambia.

"Siwezi."

"Iachilie, nimesema!"

"Nikiiachilia inawaua wa nyuma."

Ilikuwa kweli. Nyuma yetu kulikuwa na watoto wa shule, kulikuwa na mkokoteni, na mteremko wote ule mpaka majini. Alikuwa ameshika kwa mkono mmoja kitu ambacho mimi nilikichagua, hawezi kwenda mbele wala kukiacha. Nilisukuma mpaka nikaona nyota mchana. Baiskeli haikwenda. Miguu yangu ilikuwa inateleza na nilikuwa nalia, sikuona haya, nililia kwa sauti. Ndipo yule mwenye mkokoteni akamwachia mwenzake viazi, akaja akatia bega, akasema, "Mzee, kaa kando, tuachie." Yeye na mimi tukaipandisha.

Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa barabara, midomo imebadilika rangi. Nilimtolea mfukoni kidonge chake cha moyo, nikakidondosha, nikatoa kingine, akakiweka chini ya ulimi. Kisha hakuna kazi nyingine ila kungoja. Nilimshika mkono nikawa nasoma kila dua niliyofunzwa chuo cha Qurani na nyingine nilizozibuni mwenyewe.

"Yashapita," akasema baadaye. "Moyo umetulia."

Na mimi, badala ya kushukuru, hasira ikanipanda. Hofu yangu hutokea kwa mlango wa hasira, nimeumbwa hivyo. "Nilikwambia taratibu," nikamwambia. "Nilikwambia uiachilie. Lakini wewe! Sikio la kufa halisikii dawa."

Methali hiyo tunaitumia kila siku, kwa watoto, kwa mbuzi anayekula kanga. Ilipotoka mdomoni nikasikia ndani yake neno kufa, limelala pale katikati yetu. Natamani ningelirudisha.

"Hii baiskeli nani aliitaka?" akauliza, taratibu tu.

Nikaokota kile kidonge nilichokidondosha.

"Umeuchagulia ugonjwa wangu baiskeli. Mimi hukunichagulia kitu."

Siku ile kazini hakwenda, alipiga simu akaomba ruhusa. Nikataka tupite hospitali, akasema atakwenda, lakini si mbio mbio kama maiti. Tukaenda kwa tuktuk, wakampima, wakatuambia moyo haujadhurika. Yule daktari nilimuuliza mwenyewe, safari hii kwa masikio yote mawili. Akanieleza kuwa kupiga pedeli polepole ni sehemu ya dawa yake. Kusukuma na kunyanyua vizito ndiko alikomkataza. Mume wangu alikuwa pale, hakuniambia "umesikia?" Ningalipenda aniambie.

Baiskeli tuliiacha kwa mlinzi wa duka karibu na kivuko. Tuliporudi kuichukua, maji yalikuwa bado chini, na kuiteremsha sisi hatuthubutu. Basi tukakaa kivulini kungoja maji yajae, watu wazima wawili waliozaliwa Likoni, tumezuiwa na maji ya kwetu. Feri zilikuwa zinaondoka na kurudi.

Kisha akasema, akitazama feri, "Unajua nikiamka usiku hufanya nini? Hujishika hapa kifuani, nione kama moyo bado unapiga. Kila usiku. Nikikaa juu ya chuma kinachonibeba kama gunia, mchana nao nitautumia kujishika. Nikipiga pedeli nitajua. Nikichoka nitajua nimechoka, nitashuka, nitapumzika. Mtu aliye hai huchoka."

"Na mimi naogopa kubaki peke yangu," nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwa dada yangu. "Naogopa mpaka nakuchukia."

Akacheka kidogo. "Hilo la kunichukia nilishaliona."

Alasiri maji yalijaa, tukavuka bila tabu yoyote. Siku ya pili nikampelekea fundi baiskeli yake, nikachukua ile nyepesi.

Asubuhi aliyoitoa kwa mara ya kwanza bado zilikuwa siku za bamvua, na bado maji yalikuwa makavu. Alinikataza kumsindikiza. Nikamwambia nitafika juu ya mteremko tu, nisimame. Akakubali kwa sharti nisimwite. Nilisimama hapo nimejifunga buibui mdomoni. Alishuka na umati, baiskeli ameishika kwa mkono mmoja, wa pili ameuinua kidogo kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Pale penye utelezi aliinyanyua kabisa, akapita, akaiweka chini. Hakugeuka nyuma. Vichwa vikamfunika, feri ikafunga mdomo.

Nikarudi nyumbani nikaanza kupika, sijui nilipika nini. Tulikuwa tumekubaliana akifika anipigie. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Ikatimu saa sita, simu kimya. Ikapita. Nilikuwa namwona Kibarani, amelala kando ya barabara, malori yanapita, watu wanasema huyo mlevi. Nikampigia, ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia tena nikiwa nishavaa viatu, ufunguo mkononi.

Akashika. Sikusikia neno, nilisikia pumzi. Pumzi nzito, moja juu ya nyingine, na honi ya lori.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Juu," akasema. "Changamwe, karibu na lango letu. Nilishuka mara moja nikapumzika kivulini, nikapanda tena. Nimechelewa kidogo, watanisema."

"Unapumua vibaya."

"Napumua kama mtu aliyepanda kilima, mama. Ngoja." Nikasikia simu ikigusa kitambaa. Sauti yake ikatoka mbali. "Nimeiweka kifuani. Sikiliza. Unausikia moyo?"

Nilibana simu sikioni mpaka likauma. Nilisikia malori, nilisikia upepo, na mtu anauza maji akipita. Kingine sikusikia.

"Nausikia," nikamwambia.