Jiwe la Mzee Uani

Mpaka leo mama mkwe hajanisamehe. Niliolewa Kisoko, wilayani Tororo, kisha nikaja shambani na mashine ya kutobolea miamba badala ya jembe. Aliwaambia majirani kuwa mke wa mwanawe amesoma mpaka akarudi kulekule kwenye kuchimba, ila yeye akichimba hapandi kitu.

Kazi yangu ni kusoma sumaku iliyomo ndani ya mawe ya kale. Jiwe lililopanda kutoka chini likiwa uji wa moto hushika, linapopoa, upande wa kaskazini ya siku ile. Bara likigeuka, jiwe hugeuka nalo, na kaskazini yake ya zamani hubaki ndani. Nilipomweleza mama kuwa Afrika yote iliwahi kuwa kwingine, aliuliza kama ilipita forodha ya Busia, maana yeye na kapu lake la samaki wa Majanji hawajawahi kupita bila kuulizwa.

Mwamba mweusi nilioutaka ulichomoza mahali pawili tu katika shamba lao: kando ya kijito, na uani. Lile la uani ndilo jiwe alilokuwa akikalia marehemu baba mkwe kila jioni, akitazama njia ya Busia mpaka mkewe arudi sokoni. Hilo nilikatazwa hata kuliegemea. Basi nikatoboa kijitoni, nikatoa vipande vya mviringo vinene kama mihogo, na kila kimoja nikakichora kwa kalamu mshale wa dira kuonyesha kilivyoelekea mwambani. Bila mshale, kipande hicho kinafaa kumrushia mbwa tu. Shahada yangu nzima ilining'inia kwenye mishale hiyo, na mashine ilitakiwa chuoni kesho yake.

Nikaenda Tororo mjini kutafuta masanduku ya kuvisafirishia. Mvua ikanyesha nikiwa huko. Niliporudi, kijito kilikuwa kimefurika na mwamba umezama. Vipande vyangu vilikuwa juu ya kichanja cha vyombo, vimesuguliwa kwa sabuni na majivu, vimepangwa kuanzia kirefu hadi kifupi, vinang'aa kama sufuria za harusi. Kwa mama mkwe, mtu kuondoka nyumbani kwake na mzigo mchafu ni aibu ya ukoo mzima.

Nilikaa chini nikalia, wala sikujali nani ananiona. Nikamweleza kwa nini.

"Kumbe ile uchafu ndiyo ilikuwa masomo?" aliuliza taratibu.

Nikamwambia ndiyo, Mama.

Alikitazama kichanja chake. Kisha akaingia ndani, akatoka na mtungi wa maji ya kupoza mashine, maji yaleyale aliyokuwa akilalamika kuwa nayanywesha mawe, akautua kando ya jiwe la uani.

"Toboa pembeni," alisema. "Katikati uache. Mzee anakaa hapo."

Nikatoboa pembeni. Yeye mwenyewe aliushika mwavuli juu ya wino wangu, na kila kuku aliyesogea alitukanwa.

Majibu yalipotoka nilimpelekea mwenyewe, nikamkuta akichambua dagaa. Nikamwambia kaskazini iliyomo ndani ya jiwe la mzee siku hizi inaelekea kwingine kabisa, maana nchi yote iligeuka nalo. Alichambua wachache, akatazama uani.

"Sawa, jiwe iligeuka," alisema. "Mzee yeye alikuwa anaangalia njia ya Busia tu."