Kaimati Walizokula Kuku

Watu husema nina kinyongo. Ninacho, nami nakitunza vizuri kuliko vyombo vyangu vya udongo.

Hapa Muyeye najulikana kwa kupika. Harusi, hitima, futari za kuagiza mwezi wa Ramadhani, watu huja kwangu, na ndiyo riziki yetu mimi na wanangu tangu baba yao afariki. Mwaka ule wa korona wakaja watu wa afya mtaani kupima damu, tone moja la kidoleni. Kipimo changu kikaonyesha mstari wa pili, nikajua ninao ugonjwa. Nesi akanikalisha, akanieleza kuwa kipimo kile hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ukishapambana na ugonjwa.

"Wewe ni mpishi, mama," akasema. "Ukikuta majivu jikoni, unajua moto uliwaka. Lakini majivu peke yake hayakwambii kama umeshazimika."

Kwa hiyo akanitia kijiti puani, ambacho hutafuta kirusi chenyewe. Hicho kikatoka safi. Ndipo nikaikumbuka ile homa niliyodhani ni mafua tu, iliyokuwa imeshanitoka zamani.

Nikamsimulia yote shoga yangu, jirani wa ukuta mmoja. Yeye akachukua nusu. Akapita akisema nimepimwa nikapatikana nayo, na kijiti cha puani hakukitaja.

Ramadhani ikaingia. Kwetu sahani ya futari huvuka kwa jirani kabla ya magharibi, na hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia tende. Nikampelekea kaimati. Asubuhi nikaziona uani kwake zikidonolewa na kuku, na sahani yangu ikarudi tupu, inanuka jiki. Kumi la kwanza la mwezi halijaisha, wote walioniagiza futari walikuwa na udhuru. Mmoja atafuturu kwa dada yake Mambrui. Mwingine ghafla tumbo lake halitaki nazi. Nikabaki na mbaazi zangu, nikazila na wanangu huku nimejaa hasira mpaka kooni. Nilimwombea shoga mabaya, sifichi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Shoga akaenda msibani Kilifi, akalala chumba kimoja na watu wanaokohoa, na aliporudi tu akakimbilia kupimwa puani. Hana. Akazunguka mtaa mzima akijitapa kuwa yeye ni safi, si kama wengine. Nilimwambia mara moja tu, juu ya ukuta, kwamba amepima mapema mno. Sufuria ukiibandika sasa hivi ukaifunua, utasema maji ni baridi. Akanijibu, "Majivu yako usinipake mimi."

Haikupita wiki akaanza kukohoa. Kipimo cha pili kikamkamata. Mwanawe yuko Uarabuni, na wale wanawake aliowatia hofu juu yangu hawakuukaribia mlango wake. Aliwafundisha mwenyewe kukimbia.

Nikapika uji wa pilipilimanga. Nikachoma kaimati, nikazipanga kwenye sahani ileile. Nikavaa barakoa, maana nesi alinionya kuwa kingamwili si ukuta, mtu aweza kuugua tena. Nikaingia kwake alasiri, saa ambayo wanawake hukaa barazani nje wakichagua mchele, nikalifungua dirisha wazi.

Alikuwa kitandani, midomo imempasuka. "Shoga, umekuja," akasema, akalia. Mimi sikulia.

"Uji huu wa nani?" nikamuuliza.

"Wako."

"Basi waambie wale nje, na kile kijiti ulichokificha ukitaje."

Akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi. "Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Sema."

Akajikokota hadi dirishani. Akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba mimi sikuwa tena na korona, kwamba kipimo cha puani kilitoka safi na yeye alijua, kwamba sasa anakula chakula changu. Mikono ikasimama juu ya nyungo. Nikamrudisha aseme tena, kwa kuwa mmoja wao ni mzito wa masikio. Ndipo nikampa uji, nikasimama mbali kidogo mpaka akaukomba, kisha nikamsimamia kaimati moja moja.

Nikawa nampelekea kila siku mpaka akapona. Wateja wakarudi kabla ya kumi la mwisho, na hakuna aliyenitajia udhuru wake.

Siku ya Idi shoga akaniletea sahani yangu mbele za watu, imejaa halua, nzuri, ya kuagiza. Nikampokea kwa mikono miwili. Nikamwambia ahsante, Mungu akuzidishie. Kisha nikaingia nayo uani, nikasimama karibu na ukuta wetu mmoja, nikawaita kuku wake.