Moshi Chini ya Ngome

Usiku ule mume wangu alilala mapema, makumbi yake makavu ya nazi ameyapanga kando ya mlango. Asubuhi alikuwa aingie kwenye pango lililo chini ya ngome ya kale, awafukize nyuki, aniletee asali. Na mimi niliitamani asali hiyo, sikatai.

Nikaota niko juu kilimani, ndani ya ngome. Si gofu hili tunalolijua, lililobaki kuta mbili na mihrabu. Kuta ni nzima, zimepakwa chokaa mpya, jua la mchana linaniumiza macho. Msikitini watu wanasoma Yasini kwa sauti za kutetemeka, maana adui amekwisha kufika bondeni. Langoni wanagonga watu wa mapangoni, wale wafinyanzi waliowafinyangia mitungi watu wa ngome. Wanaomba waingie. Komeo liko mikononi mwangu mimi! Nalivuta lifunguke, nalo linazidi kukaza.

"Nifungulie, mjukuu wangu."

Ni sauti ya Bibi Mwanaidi, mama wa mama yangu, tuliyemzika zamani. Bibi huyu kila akipita pale pangoni alikuwa akimwaga maji mlangoni, wala hakuruhusu mtu awashe hata kiberiti. Tukimwuliza sababu, anasema ndivyo alivyowakuta wazee wake wakifanya. Sisi tukimcheka.

Mara sipo langoni tena. Nimo pangoni, gizani, Bibi amenishika mkono, na mkono wake ni wa baridi. Adui wamekoka moto mlangoni. Moshi unaingia, unaingia tu. Watu wamelala chini, wamejifunika nguo usoni. Bibi anawafunua mmoja mmoja. Wa mwisho ni mume wangu, na kofia yake kichwani.

"Wazee wetu walifukizwa humu," Bibi anasema. "Moshi ukiingia hautoki. Kamwambie mumeo."

Nikaamka jasho linanitiririka. Kumekucha, na mume wangu yuko uani anafunga makumbi kwa kamba. Nikamsimulia yote huku nalia. Akacheka.

"Mama Zuhura, nyuki hutolewa kwa moshi. Au ulitaka nikawabembeleze?"

Nikachukua ndoo ya maji, nikayamwagia makumbi yote, mpaka la mwisho. Akaninunia siku nzima.

Na anune, maadamu anapumua.