Mstari Uliolala Ijumaa Mchana

Wenzangu, leo nimemshika bosi mkono.
Tena kwa nguvu! 

Mwajua niko kwenye majaribio ya kazi pale ofisi ya intaneti, Ganjoni. Naangalia kompyuta inayochuja kila kinachoingia na kutoka mtandaoni. Wenyewe huiita faiawoli. Kwenye kioo kuna mstari: watu wakiwa wengi mtandaoni hupanda, wakipungua hushuka. Nami naandika daftarini.

Leo, saa saba kasorobo, mstari ukalala chini kabisa.

Bosi, ambaye kaja juzi tu kutoka Nairobi, akafika mbio.
"Mashine imekufa! Naizima niiwashe upya."
Mkono umeshafika kwenye swichi. Ndipo nikaudaka.

"Usizime, bosi! Leo Ijumaa. Maduka yote ya Mji wa Kale yamefungwa, watu wako msikitini. Wakitoka, mstari utapanda."
"Na usipopanda?"
"Ikifika saa nane kasorobo haujapanda, unifute kazi."

Ulimi huu jamani! Na mtoto wa miezi minane nyumbani, nani alinituma?

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Maziwa yamenilowesha kifuani, wala sina habari, macho mstarini.

Saa saba u nusu, bado umelala.
Dakika kumi zaidi, ukatikisika. Ukapanda. Ukapanda!

Bosi akavuta kiti, akauliza polepole, "Na Ramadhani mstari huwaje?"
Nikamwambia, "Uniweke mpaka Ramadhani, bosi, tutaangalia pamoja."

Akacheka.

Jamani, si nimepata kazi mimi? Niambieni!