Bibi Aliyesema Amekosea Mtoto

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, ulipokaa kwenye nyumba ya yatima hapa Mwanza, hukuwa na mtu kabisa?" Nikamjibu kwamba sikuwa na mtu. Wanangu wote niliwajibu hivyo hivyo. Wewe, rafiki yangu, nitakwambia ukweli.

Nilikuwa na bibi, kule Mkolani. Ndiye aliyenilea baada ya ndui kuwachukua baba na mama. Tulipalilia mtama pamoja, tukaokota kuni, na jioni tukala ugali kwa mlenda, yeye akinisogezea bakuli kana kwamba ameshiba. Ukaja mwaka wa njaa, siku zile za vita, nikabaki mifupa. Bibi akamwomba jirani anipeleke mjini, kwenye nyumba ya yatima upande wa Igogo, akaseme sina ndugu, maana walipokea wasio na ndugu tu.

Kule nilishiba. Asubuhi uji wa maziwa, mchana ugali kwa sato. Tulifua nguo kwenye mawe ya ziwani huku tukiimba, mikono ikinukia sabuni. Nilipewa gauni la maua, nikaanza kujiona mtoto wa mjini.

Siku moja tulikuwa tunaanika nguo, bibi akatokea. Alikuwa ametembea peku kutoka Mkolani, amejifunga kaniki iliyopauka, kichwani kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo nilivipenda mno. Wenzangu wakaanza kuicheka miguu yake iliyojaa vumbi.

Mlezi wetu akaniita. "Huyu anasema wewe ni mjukuu wake. Unamfahamu?"

Nilimtazama bibi. Nikawatazama wenzangu.

"Simfahamu."

Bibi akamwambia mlezi, "Unisamehe, mama. Macho yangu yamezeeka. Nimekosea mtoto." Akashusha kikapu. "Basi wayale hawa. Wote ni watoto."

Usidhani niliogopa kurudishwa kwenye njaa. Sababu hiyo niliitunga baadaye, ili nipate usingizi. Niliionea aibu kaniki yake. Na matobolwa yale niliyala, tena nikaomba nyongeza.

Nilirudi Mkolani nikiwa msichana mkubwa. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali umenenepa." Akanipikia, akanitandikia, wala hakuligusa jambo lile. Nami kila siku nilijiambia nitamwomba radhi kesho. Mvua zilizofuata tukamzika.

Nyumba ile haipo tena, na kwenye mawe tuliyofulia pamejengwa maghala. Wale wasichana niliokiogopa kicheko chao, hata majina yao yamenitoka. Ni kwa ajili yao nilimkana mtu pekee niliyekuwa naye.