Heda za Bwera na Arusi ya Biira

Nimewahi kuaibika, sikatai, lakini kumpitisha bibi arusi mbele ya kanisa lake mara mbili bila kusimama, matarumbeta yakilia nyuma na bwana arusi akitukimbiza na suti yake, hiyo ni aibu ya daraja lake, na kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanaisimulia vibaya. Wanasema nilikuwa nimelewa. Mimi! (Sijaonja kitu tangu niokoke.) Kwa hiyo ngojeni niiseme mwenyewe.

Marehemu baba alituachia pikapu moja ya zamani, rangi ya maziwa, ile aliyobebea kahawa na pamba tukiwa wadogo. Dada yangu Biira alipochumbiwa na Wafula, kijana wa familia iliyotoka Kenya kufanya kazi ya saruji huku kwetu, hakuomba gari la kukodi wala maua. Aliomba kitu kimoja tu, aingie uani mwa kanisa ndani ya pikapu ya baba, kwa sababu baba alimwahidi hivyo na kifo hakikumpa nafasi. "Baluku," akaniambia, "wewe osha tu. Usiguse kitu ingine."

Mimi nikagusa.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Chuma kinachokusanya moshi ubavuni mwa injini kilikuwa kimepasuka, kinapiga filimbi. Thembo, fundi wangu pale Kasese, alisema tukichomelee, kazi iishe. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwenye simu mapikapu ya zamani yaliyofungwa heda, yale mabomba manne yanayotoka kwenye injini yakajikunja na kukutana kuwa moja, na sauti yake, jamani, ni nzito, inatoka kifuani, nikajiambia dada yangu hawezi kupelekwa kanisani na gari linalopiga filimbi. Nikaenda Bwera.

Bwera ni mpakani, vipuri vingi vinavuka kutoka Kongo. Nilizichagua heda zangu kwa makini, nikazipindua, nikazigonga, nikatoa gasketi ya zamani niliyokuja nayo nikaiweka juu yake, na matundu yakalingana. Yote! Muuzaji akasema, "Patroni, hii iko ya motere yako kabisa. Inatoka ku gari ya kule kwetu." Sikujiuliza, wala yeye hakunisaidia kujiuliza, kwamba kule kwao usukani uko kushoto na kwetu uko kulia, na kwamba mabomba yale yanateremka ubavu wa kulia wa injini, pale pale ambapo pikapu ya baba ina mkono wa chuma unaogeuza magurudumu. Mtu anauza vipuri mpakani maisha yake yote, hajui hilo? Anajua!

Na Thembo naye! Bomba moja lilipouzuia ule mkono wa usukani, alilipasha moto, akalipiga nyundo likabonyea, akafunga. "Inapita," akasema. Tukawasha. Sauti ilikuwa tamu kiasi kwamba gereji nzima waliacha kazi wakasikiliza, na hakuna hata mmoja wetu aliyepata akili ya kuzungusha usukani mpaka mwisho. Pikapu ikalala pale pale.

Asubuhi ya arusi nikatoka gereji nikakunja kulia, nikanyoosha hadi saluni alikopambwa Biira, akapanda mbele pamoja nami, na msafara ukajipanga nyuma yetu, matarumbeta kwanza juu ya gari lao, kisha ukoo. Mchungaji alikuwa ameonya kwamba siku hiyo kuna ndoa mbili, na bibi arusi atakayechelewa atasubiri nyingine iishe. Biira alisikia injini akanitazama.

"Sauti yake imefanya nini?"

"Ni oili mpya," nikasema.

Kanisa liko mkono wa kushoto. Nikapunguza mwendo, nikakunja, na usukani ukaenda kidogo, ukasema ko! ukagoma. Nikaongeza nguvu. Ko! Nikaliona lango linapita dirishani, na Wafula amesimama pale anatabasamu, na mimi nikampungia mkono (kwa nini nilimpungia mkono? Hata leo sijui).

"Baluku, tumepita kanisa."

"Najua. Nataka watu waone gari kidogo."

Ningesema ukweli hapo, mambo yangeisha. Lakini si aliniambia nisiguse? Basi nikakunja kulia, maana kulia kulikuwa kunakubali vizuri tu, nikakunja kulia tena, na tena, na tena, tukapenya sokoni kati ya mafungu ya nyanya, msafara wote nyuma yangu, matarumbeta hayajapumzika, watu wanapiga vigelegele wakidhani ndiyo mtindo mpya, tukatokea barabara ile ile, tukielekea kule kule, na lango liko kushoto vile vile. Kwani nilitegemea lihame?

Safari hii Wafula hakutabasamu. Shangazi yake alishika kichwa akapiga kelele, "Wamebadilisha mawazo! Wanamrudisha msichana kwao!" na Wafula akaanza kukimbia kando ya dirisha letu, tai imeruka begani. "Biira! Kama nimekosa si useme tu!"

Dada yangu akaanza kulia. "Simamisha. Baluku, umefanyia nini gari ya baba?"

Nikasimama katikati ya barabara nikasema yote, Bwera, heda, kila kitu, mbele ya wakwe. Nyuma honi zikaanza. Msafara wa arusi ya pili ulikuwa umefika.

"Shuka tutembee, ni hapa tu," Wafula akambembeleza, akihema.

"Sishuki. Nilisema naingia na gari ya baba."

Wafula akamtazama, kisha akavua koti akampa shangazi. Wasimamizi wake wakavua yao, wapiga matarumbeta wakaweka vyombo chini, wakaishika pikapu bampa ya mbele, wakaiinua na kuisogeza, wakaiinua na kuisogeza, mpaka pua yake ikatazama lango. Mimi nimekaa ndani nimeshika usukani usionifaa kitu.

"Wewe shuka," Biira akaniambia. "Sukuma na wengine. Usukani nitashika mimi."

Ndivyo alivyoingia kwa mchungaji, peke yake mbele, shela imejaa kiti cha baba, bwana arusi anasukuma na shati limelowa, na ile arusi ya pili ikasubiri yetu.

Jumatatu nikampigia yule muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Patroni, bomba iko muzuri. Hamisha volani iende kushoto." Volani, yaani usukani! Nikakata simu kabla sijatukana. Thembo akachomelea chuma cha zamani, na nimeapa sitafunga tena kipuri cha sauti kwenye gari lolote, liwe langu au la mtu, hata nikipewa bure.

Sasa Biira na Wafula wametundika sebuleni picha kubwa ya siku ile, Biira kwenye usukani anacheka, na nyuma kabisa, mikono kwenye bodi, kichwa chini, makalio juu, ni mimi. Wageni wakiuliza yule anayesukuma ni nani, Biira anawajibu bila hata kutabasamu: "Huyo? Huyo ndiye dereva."